Mjane wa Kitabuni na Mjane wa Sinema

Jumamosi, 9 Novemba 1974. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa sita, kisha ikabaki manyunyu.

Naandika nikiwa Rwamishenye, kwa shangazi wa marehemu mume wangu. Nimekuja Bukoba na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, kumjulia shangazi hali. Wiki ijayo ukoo unakaa kule kwetu Ijumbi kuamua kama nitabaki kwenye kibanja, shamba la migomba aliloniachia marehemu, au nitarudi kwa wazazi wangu na mabinti zangu. Mtoto wa kiume sina. Kwa desturi ile migomba ni ya shemeji, na akiitaka hakuna wa kumzuia.

Darasa la watu wazima lilituletea sanduku la vitabu, nikapata riwaya ya zamani iliyotafsiriwa, ya nchi ya baridi, inayohusu mjane anayefukuzwa na shemeji yake. Jioni nikawa naisoma kwa sauti wanawake wanapokuja kuchambua maharage. Sikuichagua kwa ubaya. Ndiyo iliyokuwa na herufi kubwa. Ila kitabuni yule shemeji ni mwovu mwanzo hadi mwisho, na majirani wakaanza kumtania shemeji yangu njiani: "Bwana wa kitabuni, umeamkaje?" Akaacha kupita kwangu. Simlaumu. Yeyote angeudhika.

Leo shangazi alituambia mjini kuna sinema mpya ya mjane, twende mchana tumwache alale. Ilikuwa ya Kihindi. Lugha hiyo siijui, kwa hiyo huenda nimeelewa vibaya. Tulifasiriwa na fundi cherehani aliyekaa nyuma yetu, na yeye pia nilimwona anabahatisha.

Habari ni ileile: mume anakufa, shamba linagombewa, mjane hana mtetezi. Nikaona aibu kukaa pale na shemeji. Lakini sinema ilifanya jambo ambalo kitabu hakikufanya. Ilituingiza nyumbani kwa yule ndugu wa mume. Tukaona wanawe wakilala kwenye mkeka mmoja, na mkewe akikwangua nafaka ya mwisho ghalani. Mjane nilimlilia, na yule ndugu wa mume pia nikamwonea huruma. Mwisho wa sinema sikuupenda, maana wote wawili walilikosa shamba. Kitabu kilimpa mjane nyumba yake, ingawa alibaki humo peke yake. Kipi ni bora, mimi sina elimu ya kusema.

Tulirudi kwa miguu, kila mmoja na jani lake la mgomba kichwani. Tulipokaribia nyumbani, shemeji akaniuliza:

"Sasa leo utanisomea nini?"

Nikamwambia leo sina la kusoma. "Nimeona tu, shemeji, kwamba kitabu hakikuingia nyumbani kwa yule bwana hata siku moja."

"Na kwangu wewe umeingia?"

"Nimeingia. Vijana wako wanalala jikoni na mbuzi."

Akacheka, akasema mbuzi ndio wanaolalamika.

Shangazi alitutolea kahawa ya kutafuna. Shemeji akaishika punje mkononi bila kuitia mdomoni.

"Shangazi, uwe shahidi. Mke wa kaka atakaa kwenye kibanja na wanawe. Mimi nahamia Kimwani na vijana. Kule kijiji cha ujamaa kinagawa mashamba."

"Majirani wakisema umekimbizwa na kitabu?" nikamuuliza.

"Waseme. Kimwani hawajakisoma."

Ndipo akaitafuna. Kwetu neno lililosemwa juu ya kahawa mbele ya shangazi halirudishwi, hata ukoo ukikaa.

Nilipiga magoti nikasema kasinge waitu, asante. Ningependa kuandika kwamba ni sinema iliyomgeuza moyo, lakini sina hakika. Mtu haamui kuhama njiani kutoka sinema. Huenda alikuwa amekwisha kukata shauri hata kabla sijafungua ile riwaya, akasubiri tu asionekane amelazimishwa. Kama ni hivyo, basi wema ni wake mwenyewe, na shukrani zangu zinamstahili zaidi.

Usiku huu tumekula ndizi zilizopikwa na maharage, na panzi wa senene wa kukaanga. Shangazi senene hawali, anasema wanawake wa zamani walikatazwa. Shemeji alisogeza sahani ya senene upande wangu, nikala.