Siku Milimita Alipokosa Shabaha

Mtaa mzima ulimwita Milimita, na jina lilimkaa vizuri. Mlango alioutundika seremala huyu haukukwaruza sakafu, mvua inyeshe isinyeshe. Mteja akimwambia, "Hata ikizidi kidogo si neno, fundi," alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa anayeweweseka.

Bastola aliinunua baada ya wezi kumsafishia karakana. Leseni aliipata kihalali, akafundishwa kulenga, na muda si muda akawa analenga vizuri kuliko waliomfundisha. Mkewe hakukipenda kitu kile tangu kilipoingia ndani.

"Baba watoto, hicho kidude kitatuletea balaa."

"Balaa lilishakuja, mama watoto. Liliondoka na misumeno yangu."

Jumapili moja mchana, mkewe akiwa amejilaza, Milimita alikuwa barazani anapuliza chai alipoona mlango wa karakana uko wazi. Aliingia chumbani, akafungua kabati, akatoka na bastola. Kijana mmoja alikuwa anatoka karakanani, randa ya umeme kwapani.

"Simama hapo!"

Kijana aligeuka, akaona mdomo wa bastola, akatimua mbio kuelekea getini. Milimita akafyatua.

Randa ilianguka. Kijana hakuanguka. Alipotelea barabarani, na risasi ikajichimbia kwenye mwimo wa geti, mbao ngumu ambayo Milimita aliichonga kwa mikono yake.

Majirani walijaa. Jirani wa mkono wa kulia alilitazama lile tundu, akatikisa kichwa. "Milimita, leo futi imekudanganya!" Watu waliangua kicheko, naye akacheka nao, mpaka polisi walipofika wakachukua bastola, wakachukua leseni, kisha wakamchukua na yeye.

"Jamani, mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Tunajua, mzee. Panda gari."

Alipotoka kwa dhamana alipelekwa kwa wakili, mwanamke kijana mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Alikwenda na mkewe, na shemeji yake, fundi wa magari ambaye njia nzima alikuwa akimpangia maneno: "Sema alikugeukia na panga. Nani atabisha? Mlikuwa wawili tu."

Wakili aliuliza swali moja kwanza. "Baba, ulipofyatua, alikuwa amekuelekea au amekupa mgongo?"

Mkewe alimtazama. Shemeji alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Alinipa mgongo," alisema Milimita.

Wakili aliweka kalamu chini. "Sheria inakuruhusu kuokoa uhai wako na wa mama hapa. Randa haina uhai. Ungempata, sasa hivi tungekuwa tunazungumzia kesi ya kuua, na kusema alikuwa uani kwako kusingekuokoa. Hata hivi ulivyomkosa, unaweza kufungwa. Umemrushia risasi mtu anayekimbia, tena kuelekea barabarani, watu wanapita."

"Je, kama alikuwa na panga?" alidakia shemeji.

"Liko wapi?"

"Aliondoka nalo."

"Randa kwapani, panga mkononi, na geti akalifungua kwa meno?"

Mkewe Milimita akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Shemeji akageukia feni, akawa kama anaikagua.

Siku zilizofuata usingizi ulimhama Milimita. Asubuhi moja alichukua futi, akasimama getini, akataka kupima kutoka lile tundu hadi mahali kisogo cha kijana kilipokuwa. Aliivuta hadi nusu ya njia. Akaiachia futi ikajikunja yenyewe, bila kuisoma. Aliingia ndani, akakaa kitandani karibu na mkewe, akamwambia atasema ukweli mahakamani, liwalo na liwe. Mkewe alimsogelea. Akamshika mkono, akasema wataenda wote.

Alisema kama ilivyokuwa. Kijana, aliyekwishakamatwa kwa wizi wake, naye alieleza vilevile. Hakimu alimpa Milimita kifungo cha nje, akaamuru bastola itwaliwe na leseni ifutwe, kisha akamtazama juu ya miwani: "Una bahati, fundi. Usiichezee."

Nje, ukumbini, mwanamke mmoja aliyebeba nguo za kupeleka gerezani kwenye mfuko wa plastiki alimzuia njia.

"Wewe ndiye Milimita?"

"Ndiye mimi, mama." Alijiandaa kutukanwa.

"Yule ni mwanangu. Amekukosea, na atatumikia alichokitenda. Lakini nitakuwa namwona, nampelekea sabuni, namgombeza." Aliuweka mfuko chini. "Ahsante kwa kumkosa."

Maisha yake yote Milimita alikuwa amesifiwa kwa kupatia. Aliipokea mikono miwili aliyonyooshewa na kuinamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyesema, "Ahsante na wewe, mama mwenzangu. Na sisi tumerudishiwa mtu wetu."

Siku hizi karakana ina kufuli kubwa na mbwa mvivu. Tundu bado lipo kwenye mwimo. Kila asubuhi Milimita akifungua geti hulipitishia kidole, midomo ikimchezacheza kama anayetoa shukrani, kisha huenda kazini. Wateja humshangaa, fundi wa sifa kama yeye kuacha doa getini kwake.

"Si unachanganya gundi na unga wa mbao tu, unaziba?"

"Najua," huwajibu, na kuendelea kupiga randa.