Mkono Uliofungwa Masereka

Kuna siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninapofunga vifungo vya shati. Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa kijana wa kushusha magunia ya viazi kwa chukudu, kile chombo chetu cha mbao chenye magurudumu mawili, kutoka vilima vya Masereka hadi barabara ya Butembo. Kwenye mteremko wenye tope chombo kikanishinda. Niliruka, nikaangukia mkono wa kushoto, na mfupa ukalia kabla sijasikia maumivu.

Binamu yangu Kambale, aliyekuwa nyuma, alikagua chukudu kwanza.

"Iko muzima," akasema. "Ni weye ulivunjika. Donc basi, nani alikuwa anaendesha mwenzake?"

Nilicheka. Kijana akiumia mbele ya wenzake hucheka.

Mzee mmoja wa kijiji, fundi wa kurudisha mifupa, aliunyoosha mkono, akaufunga kwa vipande vya mianzi na kamba za mgomba. Simsemi vibaya, alijua kazi yake. Alipomaliza alituambia sote: "Kama vidole vinavimba ao vinakufa ganzi, muniite nilegeze. Musingoje." Kesho yake risasi zikasikika ng'ambo ya kilima, naye akakimbilia msituni na watu wake.

Sasa nisikilize vizuri. Mfupa uliofungwa sawasawa huuma, lakini maumivu yake hupungua kadiri mtu anavyotulia. Yangu yaliongezeka. Mkono ulijaa ndani ya mianzi kama unga uliotiwa chachu. Nikijaribu kunyoosha kidole, moto ulipanda hadi kwenye kiwiko. Kisha moto ukazimika, ganzi ikaingia, nami nikajidanganya kwamba ndiyo nafuu.

Sikumwambia mtu. Utaniuliza kwa nini, na maneno ya fundi niliyasikia kwa masikio yangu. Hospitali ilikuwa Butembo, na njiani palikuwa na kizuizi cha wenye silaha. Siku zile kijana mwenye mkono uliofungwa hakuulizwa alianguka wapi. Aliulizwa alipigana upande gani, na kuna walioulizwa hivyo wasirudi nyumbani. Niliwaza kwamba nikisema, baba atanipeleka, na pale kizuizini tutabaki wawili. Basi nikauficha mkono ndani ya koti, nikawa nasema sijambo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nani angejua?

Shangazi Masika, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyejua. Alikuja asubuhi iliyofuata na kikapu cha maharage, akaniona nikila bila kuutoa mkono kotini.

"Leta mukono."

"Hakuna kitu, shangazi."

"Sikukuuliza kama kuna kitu. Leta."

Akaukamata. Vidole vilikuwa vimevimba, vya baridi, rangi ya majivu. Alibonyeza ukucha wa kidole gumba, akauachia, akangoja damu irudi. Haikurudi upesi. Alibonyeza tena.

"Unasikia kidole yangu?"

"Hapana, shangazi."

"Tangu lini?"

Nikajaribu kuurudisha mkono kotini. Hapo ndipo aliponikaripia, na sauti yake ingali masikioni mwangu: "Kimya ni ya kujificha basoda, wale wenye bunduki! Mufupa haiko adui, inakutumia habari, na weye unaifungia mulango! Unataka tukuzike na mukono moja?"

Akachukua kisu cha kumenyea viazi, akazikata kamba moja baada ya nyingine. Maumivu yalirudi kwa kishindo hata nikalia kama mtoto. "Lia," akasema, "lia sana. Nyama yenye kulia haijakufa." Baba alikuja mlangoni, akatuletea ubao.

Tuliondoka saa ileile, shangazi na mimi, mkono umelazwa juu ya ubao mmoja tu na kufungwa kwa kitenge kwa ulegevu. Kizuizini askari mmoja alininyooshea bunduki kifuani.

"Huyu alipigwa risasi wapi?"

Shangazi alikifungua kitenge mbele yake. "Tafuta tundu ya risasi, mwanangu. Ukiipata, utufunge wote wawili. Mais fanya mbio, mukono inakufa."

Askari aliugeuza mkono, juu na chini. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Akauachia taratibu, akatupisha.

Hospitalini daktari alinipasua mkono siku ileile ili nyama ipate nafasi na damu ipite. Aliuokoa. Lakini vidole viwili vya mwisho vilibaki vimejikunja hivi unavyoviona, kwa sababu ya zile saa nilizonyamaza.

Tangu hapo nimesoma kila kitabu cha mifupa nilichoweza kuazima, na wanaokuja kuniuliza nawaambia hivi. Mfupa uliofungwa ukizidi kuuma, au vidole vikawa baridi au na ganzi, legeza palepale kisha mtafute daktari. Goti la mtoto likivimba na kuwa moto, naye ana homa na hataki kukanyaga, usilikande, usilichanje. Ndani mna usaha, nao hula kiungo upesi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na mgongo wa mtu unaouma wiki baada ya wiki, jioni homa, mwili ukikonda, usiulaumu mzigo peke yake. Kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo, na dawa yake ipo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Barabara zetu bado zinatisha, najua. Ogopa, mwanangu, lakini ogopa kwa sauti, ili wenzako wakusikie na kukushika. Mungu aimarishe mifupa yako, akuepushe na bunduki ya njiani, na siku utakayoumia akuletee mtu wa kukuambia: leta mkono.