Waya wa Chumba cha Mama

Nyumba yangu mpya ilikuwa na nyaya za alamu zilizochomoza ukutani kila chumba isipokuwa kile kimoja nilichokitaka. Sebuleni waya, jikoni waya, hata choo cha chini kilikuwa na waya mweupe uliokunjwa na kufungwa kwa selotepu, na hadi leo sijaambiwa ni mwizi gani angeingilia pale. Lakini chumbani kwa mama, ubavuni mwa kitanda, palikuwa na tundu tupu.

Lazima nieleze kwa nini tundu lile lilinikosesha usingizi. Tulipokuwa tumepanga kule mtaa wa Tena, mama aliteleza bafuni nikiwa kazini. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alimsikia akigonga kwa jagi, akaja, akamwinua, akampikia chai. Niliporudi jioni niliwakuta wanacheka. Kaka yangu, anayeishi kwetu Kitui, hakucheka. Alitaka mama arudi nyumbani, ambako mkewe haondoki siku nzima. Mama alitaka kubaki. Alikuwa na ushirika wake wa kanisa, na kila Jumamosi tulikwenda soko la nyama la Burma akamsumbue mchinjaji, kata hapa, hapana, hapo pana mafuta, mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Mimi pia nilitaka abaki. Wanangu wameshaondoka, na naogopa kufungua mlango wa nyumba iliyo kimya. Huo ndio ukweli.

Basi tukakubaliana na kaka: nikipata nyumba yenye kitufe cha kubonyeza karibu na kitanda, king'ora kilie, mama atakaa kwangu. Akanipa hadi Pasaka.

Kwenye nyumba ya maonyesho, dada wa mauzo alibonyeza kitufe chake, king'ora kikalia mpaka nikaziba masikio. "Nyumba zote tumeshazilazia waya," alisema. "Wewe ni kuchomeka tu." Kuchomeka tu! Natamani maneno hayo yaandikwe getini kwa rangi nyekundu, wanunuzi wengine wayaone kabla hawajatoa kalamu.

Tulipomaliza wiki ya tatu tangu tuhamie nikamwita fundi wa alamu, mtu wa makamo, mpole, na upole wake uliniudhi kabla hajafungua mkoba. Chini ya ngazi kulikuwa na kisanduku ambamo nyaya zote zilitakiwa kukutana. Alikifungua akatoa fungu la nyaya nyeupe, zote sawa, bila alama hata moja.

"Aliyeweka hizi hakuwa na mpango wa kurudi," alisema.

Alishinda akipima. Waya mmoja ulikuwa wa kengele ya mlango. Mwingine ulipotelea nyuma ya vigae vya jikoni na haukuonekana tena. Wa mama haukuwemo kabisa. "Madam, hapo kwa mathe hakuna kitu iliwekwa," aliniambia, akaenda zake.

Siku iliyofuata nilikwenda ofisi ya mjengo, kule nyuma wanakojenga nyumba nyingine. Msimamizi alikuwa na helmeti kichwani na kalamu sikioni. "Hizo waya tuliweka, madam. Kila keja, nyumba zote. Si ulisaini ukipewa funguo?"

Nilikuwa nimesaini, kweli. Lakini siku ya funguo nani huhesabu matundu? Nilikuwa nikifungua na kufunga makabati ya jikoni kama mtoto. Mara ya pili aliniambia labda ni panya. Nikamuuliza ni panya gani huyo anayebeba waya mzima bila kuacha hata kipande. Akasema panya wa siku hizi ni wajanja. Nilirudi nyumbani na hasira zangu, nikamfokea hata mama, aliyekuwa amekaa kitandani akisuka kiondo chake, kikapu cha kubeba begani, kama kila jioni.

"Utapasuka mshipa, mwanangu," alisema. "Hata waya ukikosekana, nitagonga ukuta."

"Ugonge nani akusikie?"

Aliendelea kusuka. Kiondo kilipokamilika alinipa. "Tia karatasi zako humo. Unazikunja kama za kufungia njugu."

Kwa hiyo mara ya tatu nilikwenda ofisini na kiondo begani, na ndani yake mkataba, ramani ya nyumba, na lile tangazo lao la kurasa zinazong'aa. Niligombana hadi wapaka rangi wakaacha kazi kunitazama. Mwisho msimamizi akakubali kuja mwenyewe Jumamosi, nadhani ili tu niondoke.

Alikuja. Fundi wangu naye nilikuwa nimemwita awe shahidi. Mama akaleta chai na mandazi. Nikachomoa karatasi moja moja kutoka kwenye kiondo, nikazipanga mezani kama wakili, lakini msimamizi hakuzitazama. Alikivuta kiondo, akakigeuza, akakwaruza mstari mmoja mwekundu kwa ukucha.

"Hii si katani," alisema.

Fundi akainama. Nyekundu, njano, kijani, buluu, nyeupe, nyeusi, mistari imezunguka kiondo kizima, inametameta. "Hii ni waya ya alamu," alisema taratibu. "Rangi zote sita."

Msimamizi alicheka mpaka akavua helmeti. "Madam! Kikulacho ki nguoni mwako!"

Mama hakuelewa kelele zilikuwa za nini. "Si ile kamba iliyokuwa imetokeza karibu na mto wangu? Nilitaka nikate ncha tu, inanichoma. Nikavuta, ikaja. Nikavuta tena, ikaja yote. Kuambua ile ngozi, ndani mna nyuzi nzuri hizo. Nikajua ni masalio ya mafundi. Masalio hayatupwi, husukwa."

Niliona aibu hadi vidoleni. Nilikwenda kushtaki wizi nimebeba mali yenyewe begani. Na kila jioni nilikuwa nikiona rangi zile mikononi mwa mama bila kuziangalia, maana nilikuwa nikiangalia kuta.

Fundi peke yake hakucheka. "Mama, ulivuta kwa nguvu?"

"Nguvu nitoe wapi? Ilikuja tu yenyewe."

Akaomba ngazi, akapanda darini. Baada ya muda tukasikia sauti yake kutoka juu: paipu ya chumba cha mama ilipanda ukutani ikaishia pale juu ya dari, mdomo wazi, na hapakuwa na paipu nyingine ya kuteremka hadi kwenye kisanduku. Waya ule ulikuwa umesukumizwa mle, ukakatwa, ukaachwa. Haukuwa umefika popote. Msimamizi akaanza kueleza kuhusu vijana wake, wasee wa plasta, na wasee wa stima waliohama kazi katikati, na nikamwambia anywe chai yake anyamaze. Akachukua andazi. Wiki ile ile alituma watu, wakachimba ukuta, wakalaza waya mpya, na vumbi lao lilikaa kwenye uji wetu siku nne.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka fundi alifunga kitufe chekundu pale pale penye tundu. Ilikuwa asubuhi, watu wako majumbani, magari yote yameegeshwa. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia mama abonyeze yeye mwenyewe, nikatoka nikasimama mlangoni nisikie.

King'ora kikalia. Kililia hadi njiwa wakaruka kutoka paa la jirani. Mbele yangu kulikuwa na milango kumi na miwili. Pazia moja likasogea, likarudi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiosha gari aliinua kichwa, akaingia ndani. Mtu fulani akafunga dirisha. Nilingoja. Kisha simu yangu ikaita, soja wa getini.

"Madam, majirani wanauliza hiyo kelele itaisha saa ngapi."

Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu ameanguka. Nilitaka kuwachukia, lakini hata mimi, wiki zote zile za kupiga kelele ofisini, sikuwa nimebisha hodi kwa yeyote kati yao.

Nilipoingia chumbani mama alikuwa bado amekaa kitandani, kidole juu ya kitufe, akinitazama.

"Nimeita," alisema. "Sasa anakuja nani?"

Fundi alizima king'ora, akakusanya vifaa vyake, akaniambia kila kitu kiko sawa. Kilikuwa sawa. Nikaenda jikoni nikampigia kaka.

"Alamu inafanya kazi?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Inafanya."

"Inasikika?"

"Mtaa mzima."

Akaguna. Nilijua ilivyomwia vigumu. "Haya, umeshinda. Basi mwaitu, mama yetu, akae kwako."

"Hapana," nikasema. "Njoo umchukue."