Bati Juu ya Kwezi

Githae ukimwambia moto unachoma, atakuuliza una cheti gani. Miaka thelathini na moja amekaa Isiolo hii akisimamia majengo ya serikali, amestaafu hapahapa, amejenga hapahapa upande wa Burat, na mpaka leo anajenga kama mtu wa Nyeri anayeogopa mvua. Mvua gani, jamani?

Mimi ni Akaale, wa Ngare Mara. Kazi yangu kwa Githae ni kumtunza mkewe, Mama Rita, aliyepigwa na kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaisha. Akiona njaa ni "eeh". Akikasirika ni "eeh" hiyohiyo.

Daktari alisema atafutiwe kitu cha kutazama, kitu chenye uhai, labda ulimi utaamka. Redio aliikataa. Televisheni aliifumbia macho. Ndipo Rita, binti yao, akatuma kutoka Nakuru picha ya kisanduku cha ndege kutagia, na Githae akapata kazi. Ala! Siku tatu nzima ni kupima na kupiga randa, utadhani anajenga ofisi ya gavana. Juu akaweka bati jipya linalong'aa. Kila ufa akaziba kwa lami. Halafu akakipigilia kwenye nguzo katikati ya ua, mbele ya dirisha la mkewe, pasipo kivuli hata cha jani moja.

"Mzee," nikamwambia, "si uweke kwa ule mwarobaini?"

"Kwa mti hataona vizuri."

"Basi toa bati, weka nyasi."

"Nyasi inavuja, Akaale."

Inavuja! Kwetu hata mtoto wa mbuzi hafungiwi chini ya bati mchana. Tunamjengea kibanda cha matawi, upepo upite. Lakini mimi nina cheti gani? Nikasonya, nikaenda kuosha vyombo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwezi wakaja, dume na jike, mgongo wa buluu na tumbo la rangi ya chungwa, wakibeba nyasi na manyoya ya kuku wangu. Mama Rita akawa anaamka kabla yangu, anagonga kitanda kwa mkono ule mzima nimgeuze dirishani. Asubuhi moja akasema, "Ndege." Neno zima! Githae akalia mbele yetu bila haya. Mimi pia nililia, lakini mimi nilikwenda jikoni.

Githae akapanda ngazi, akachungulia, akashuka amemwinulia mkewe vidole vinne. Mayai manne. Mama Rita akacheka kwa nusu ya mdomo. Tangu siku hiyo hatukupumua. Kanisani, na dukani kwa Duba, kila mtu aliambiwa: yakianguliwa tu, Mama Rita ataongea. Hata tarehe alikuwa ameipanga, kama anayekabidhi jengo.

Kisha likaja lile joto la Februari. Kila saa nane mchana Mama Rita alikuwa akiinua mkono wa kushoto, anauelekeza dirishani, juu, na kupiga kelele, "Eeh! Eeh!"

"Anawasalimia," Githae akasema, akitabasamu.

Mjinga huyu! Nani husalimia ndege akitokwa na jasho la hasira? Mimi niliona wazi kwamba jua linamchoma macho. Nikafunga pazia. Akagonga kitanda kwa nguvu. Nikalivuta zaidi, pasibaki hata mwanya, kwa sababu mimi najua kazi yangu. Wiki nzima nilifanya hivyo, saa nane kila siku.

Jumamosi kwezi hawakuonekana. Githae akapanda ngazi, akashika bati, akaruka na mkono wake kama aliyeshika sufuria ya ugali. Mayai yalikuwa yamepoteza uhai. Aliyapasua nyuma ya jiko, nikaona vifaranga vimeshaota midomo. Akavifukia chini ya mwarobaini, palepale nilipomwambia aweke sanduku. Nilitaka kumwambia hivyo. Haki ya Mungu, maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

Na huyo akanawa mikono, akaingia chumbani, akakohoa. "Mama Rita! Wameanguliwa! Wameruka asubuhi hii, wote wanne!"

Mwoga mkubwa. Eti yai lipasuke na kifaranga kiruke siku hiyohiyo, na anamdanganya nani? Mwanamke ambaye tangu Januari hana kazi nyingine ila kulitazama sanduku lile.

Mama Rita akamtazama mpaka tabasamu likamtoka. Mdomo ukaanza kuhangaika, mate yakashuka kidevuni, nikataka kumpangusa, akanisukuma.

"Bati," akasema.

Githae akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bati. Moto." Akainua ule mkono wa kushoto na kuuelekeza dirishani, juu, vilevile alivyofanya wiki nzima. "Nimesema. Nimesema."

Githae akainuka. Alitoka mbio, nikasikia ngazi ikiburutwa uani. Nikamgeukia Mama Rita nikiwa na furaha, nimwambie kwamba ameongea, na kwamba mumewe ni mjinga kama nilivyosema siku zote. Mkono wake ulikuwa bado juu. Ukashuka kidogo, ukaelekea kwenye pazia, halafu kwangu.

"Na wewe," akasema.