Samli Kwenye Paja la Nasike

Usiku ule Nasambu hakupata usingizi. Alikaa jikoni, simu mapajani, akingoja kupambazuke apigiwe na kliniki ya Kitale. Kila mara kitanda cha bintiye kilipolia, aliinuka akafungua mlango wa chumba.

"Mama, nimegeuka tu," Nasike alimwambia.

Tangu bodaboda imwangushe kwenye barabara ya Chwele na kumuumiza mgongo, mguu wake wa kushoto ulikuwa hausikii. Nasambu aliacha kuuza ndizi sokoni. Alimwogesha, akamvisha, akamlisha hata kwa kijiko ambacho Nasike angeweza kukishika mwenyewe. Kanisani walimsifu. Nyumbani kwao Bungoma, msichana hakuwa na pa kupumulia: hata akiongea kwa simu, mama alisimama mlangoni.

Kitale kulikuwa na fremu ya kuvaa, yenye mota nyongani na magotini, inayomsaidia mtu kupiga hatua. Lakini hawakumvalisha yeyote kabla ya kuujaribu msuli kwa umeme, na walipomjaribu Nasike, paja halikushtuka hata kidogo. Jepchirchir, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alisema atazungumza na daktari, kwani huenda nafasi ikapewa mgonjwa mwingine.

Simu ililia jua likichomoza. Jepchirchir aliuliza Nasike hupakwa nini miguuni. Samli, Nasambu alijibu kwa fahari, ya ng'ombe wao wenyewe. Nani angempeleka binti kwa daktari na miguu iliyopauka, watu waseme hana mama?

Upande wa pili kulisikika kicheko kilichobanwa. "Mama Nasike, vibandiko vyangu vya kupitisha umeme viliteleza juu ya hiyo samli. Umeme haukufika kwa msuli. Mlete kesho, umwoshe na sabuni, usimpake kitu."

Kesho yake alimsugua kwa nguvu zake zote.

"Mama, hilo ni paja, si sufuria," Nasike alilalamika.

Kwenye kliniki, Nasike aliomba aingie peke yake.

"Si ni mimi humshika?" Nasambu aliuliza. Jepchirchir alimwonyesha benchi, akaufunga mlango taratibu.

Nasambu alikaa ukingoni mwa benchi, sikio limeelekea ndani. Alisikia mlio mwembamba wa mashine, kisha Nasike akaguta kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Msuli umeshika," Jepchirchir alisema. "Ona unavyoruka."

Nasambu alifunika uso kwa leso. Baada ya kitambo vifungo vya fremu vilibanwa, mota zikaanza kunguruma, na kitu kizito kikatua sakafuni. Alikurupuka, akakamata kitasa.

"Mama, usifungue."

Sauti ilitoka juu, kimo cha mtu aliyesimama.

"Ameshikwa na nani?" Nasambu aliuliza.

"Nimeshikwa vizuri. Wewe kaa."

Mguu ukatua tena. Nasambu alikitoa kiganja kwenye kitasa, asijue akiweke wapi, akabaki amesimama pale, pua karibu iguse mbao. Mlango haukufunguliwa.