Mtupo Usiopimwa

Kwa miaka kumi na mmoja Bonge, mfuaji wa shuka za hospitali, alirusha kisahani kila alipotoka kazini, mpaka bega likawa linalia kama bawaba kavu. Majirani walimcheka. Baba yake peke yake ndiye aliyemtia moyo.

Hatimaye alifuzu kwenda Olimpiki, na huko mtupo wake wa mwisho ulikwenda mbali kuliko yote ya maisha yake. Furaha ikampanda kichwani, akatoka kwenye duara kwa mbele, na mrushaji sharti atokee nyuma. Bendera nyekundu ikainuliwa.

"Nipimie tu, kaka, nijue," alimsihi mwamuzi.

"Dada yangu, kilichoharibika hakipimwi." Mtu wa uwanja akaokota kisahani, akafukia alama kwa kiatu.

Nyumbani alimkuta baba hoi kitandani.

"Enhe, mwanangu, mita ngapi?"

"Sijui, baba."

"Hujui? Si mkono wako mwenyewe?"

Alimweleza yote, lakini mzee alidhani anafichwa aibu. Kesho yake aliuliza tena, na keshokutwa. Siku ya nne hakuuliza, maana alikuwa amekata kauli, imebaki pumzi tu.