Majina Kwenye Daftari la Adeke

Kazi ya Daktari Vivianne ilikuwa kukaa na watu hadi wamzoee, halafu aandike wanavyoishi. Chuo chake Nairobi kiliiita anthropolojia. Akina mama wa Malaba wangeiita umbea, ila umbea hauna mshahara. Msaidizi wake, Quinter Adeke, mjane aliyewahi kuwauzia madereva wa malori uji, aliipenda kazi hiyo kuliko uji. Alijua Kiteso, alijua kila mtu, na mwandiko wake ulisomeka.

Sheria ilikuwa moja: daftarini lisiingie jina la kweli, mtu asije akadhurika. Adeke aliishika kama amri za kanisa. Hata beberu wa mzee Emukule, maarufu sokoni, alimpa jina jipya.

Siku vijana walipofunga barabara kulalamikia ushuru, Daktari alikuwa kwenye kongamano Nairobi, akiwaeleza wasomi jinsi serikali inavyopiga watu. Adeke akasimama mlangoni pa duka la dawa na kalamu yake. Saa saba na dakika kumi askari alipiga goti, akalenga, akampiga risasi Okiria, fundi baiskeli, aliyekuwa ameinua mikono. Adeke aliandika yote. Majina aliyabadilisha vilevile.

Taarifa ya serikali ilisema Okiria aliangukia jiwe. Mama yake, Brigid, alitafuta shahidi wiki tatu. Kumbe saa ile Malaba nzima ilikuwa imeangalia kwingine. Ndipo Adeke akaenda naye kwa wakili, Busia mjini, akampa daftari.

Wakili alilisoma mara mbili. "Mama, hapa aliyekufa anaitwa Yona."

"Ndiye huyo Okiria."

"Na karatasi ya majina ya ukweli, ya kuonyesha Yona ni nani, iko wapi?"

"Tulichoma. Ndiyo sheria."

Wakili akavua miwani. "Basi hii daftari peke yake haitusaidii. Itabidi useme wewe mwenyewe, na uweke sahihi. Huyu askari umemwita Petero, unamjua?"

Adeke alimjua. Walipanga vyumba katika ploti moja, wakitumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mke wa askari ndiye aliyempeleka Adeke hospitali alipougua malaria. Alimtazama Brigid, ambaye hakumwomba kitu. Aliogopa, na akaona aibu kwa kuogopa.

Akataja majina ya askari yule, yote mawili, na namba ya mlango wake.

"Na wewe mama, unaishi mlango gani?" wakili akauliza huku akiandika.

"Unaofuata," Adeke akasema.